Amana zilizomo ndani ya kompyuta: tununue kifaa gani cha kuzihifadhi?



Ndugu wasomaji, safu hii imezoeleka kuzungumzia malezi, ndoa, mirathi na uendeshaji wa misikiti yetu. Wiki hii tunaliendea jambo linaloonekana kuwa ni la mafundi peke yao, ilhali limeyabeba yote manne kwa pamoja: namna ya kuchagua kifaa cha bei nafuu cha kuhifadhia nakala za kumbukumbu zilizomo ndani ya kompyuta zetu. Makatibu wenzetu na walimu wa madrasa kutoka Mbagala, Tandika, Tegeta na Mwananyamala wamekuwa wakituuliza swali moja kwa maneno tofauti: mfuko wa msikiti ni mwembamba, maduka ya Kariakoo yamejaa vifaa vya kila aina, sasa tununue kipi?

Jibu letu tunalitanguliza ili mwenye haraka asipitwe. Nunueni vifaa viwili vya bei ya kawaida badala ya kimoja cha ghali, na viwili hivyo visilale chini ya paa moja. Yaliyobaki katika makala haya ni ufafanuzi wa kauli hiyo, pamoja na hesabu na tahadhari zake.

Kilicho hatarini

Zamani kidogo ofisi ya msikiti ilikuwa na kabati la chuma, leja mbili na daftari la ndoa. Leo vitu hivyo vimehamia ndani ya kompyuta moja, aghalabu iliyotolewa msaada na mfadhili ikiwa tayari imetumika miaka kadhaa. Humo mna orodha ya ndoa zilizofungwa, majina ya mayatima na wajane wanaohudumiwa, hesabu za zaka na sadaka, michango ya mfuko wa kuzikana, mihtasari ya vikao, barua zetu kwa RITA kuhusu bodi ya wadhamini, na picha za hati ya kiwanja kilichowekwa wakfu. Nyumbani hali ni hiyo hiyo. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vimepigwa picha kwa simu, picha ya mwisho ya bibi iko katika simu, na sauti ya baba akitoa wasia wake imo humo humo.

Tuifikirie siku ambayo kompyuta ile haiwaki. Mjane anakuja ofisini kuuliza haki yake katika mfuko wa kuzikana ambao marehemu mumewe aliuchangia miaka mingi, na hakuna anayeweza kusema alichangia kiasi gani wala alikoma lini. Watoto wa mtu aliyetoa wakfu wanauliza mipaka ya kiwanja, na aliyetoa keshafariki, na mashahidi wamehama. Hapo ndipo maneno yanapozidi, na jamaa wanapoanza kutazamana kwa jicho la shaka. Fitina nyingi katika misikiti yetu hazikuanzishwa na wizi. Zimeanzishwa na karatasi iliyokosekana siku ilipohitajika.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Inaagiza kuandika, inaagiza mashahidi, na inatutahadharisha tusichoke kuliandika deni, liwe dogo au kubwa. Makusudio ya kuandika ni kwamba maandishi yapatikane siku ya kuulizana. Anayeandika kisha asitunze alichoandika amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo haimsaidii yule mjane.

Maadui wa kumbukumbu katika mji wetu

Kabla ya kwenda dukani ni vema tuwajue tunaojikinga nao. Wa kwanza ni maji. Desemba 2011 mvua kubwa ziliifurisha Dar es Salaam, watu wapatao 40 wakapoteza maisha, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo hakuna msimu wa masika ambao wakazi wa mabondeni, Kinondoni na Temeke, wanalala bila hofu. Wa pili ni moto. Usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua, na wafanyabiashara wakaamka hawana mali wala madaftari ya wanaowadai. Wa tatu ni mwizi, ambaye haangalii kama kompyuta ni ya mtu au ni ya Mwenyezi Mungu. Wa nne ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Wa tano ni virusi vinavyosafiri kwa flashi kutoka duka la fotokopi hadi ofisini. Wa sita, na huyu hatumtaji sana, ni mkono wetu wenyewe unaofuta faili usilokusudia.

Tukiwatazama maadui hawa kwa makini tutaona kwamba wengi wao hupiga mahali pamoja. Maji yakiingia ofisini hayachagui kati ya kompyuta na diski iliyowekwa juu yake. Mwizi akivunja mlango huchukua vyote viwili. Kwa hiyo kinachoiokoa nakala ni umbali uliopo kati yake na kompyuta. Bei yake haina nguvu hiyo. Diski ya gharama kubwa iliyofungiwa katika droo ya meza ileile ya kompyuta ina hatima moja na kompyuta hiyo.

Somo kutoka Lamu

Pwani yetu wenyewe inao mfano wa jambo hili. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, unaonasibishwa na Habib Swaleh, una hazina ya miswada ya Kiarabu iliyoandikwa kwa mkono. Katika muongo uliopita miswada hiyo ilipigwa picha za kidijitali, katika kazi iliyomhusisha mtafiti Anne Bang kutoka Norway pamoja na wenyeji, chini ya mpango wa British Library ya London unaoshughulikia kumbukumbu zilizo hatarini. Utaratibu wa mpango huo ni kwamba asili hubaki katika nchi yake, na nakala za picha huwekwa pia katika nchi hiyo, si London peke yake.

Hekima ya utaratibu huo ilidhihirika Oktoba 2023, pale wahalifu wa mtandaoni walipoivamia British Library. Huduma zake nyingi za mtandaoni zilizimika kwa miezi kadhaa. Taasisi ile ni tajiri na ina wataalamu wengi, lakini wasomaji wake walikaa wakisubiri. Aliyetegemea dirisha la London peke yake alifungiwa, na mwenye nakala yake mkononi aliendelea kusoma.

Wataalamu wameifupisha kanuni hii kwa tarakimu tatu: 3, 2, 1. Kila kumbukumbu muhimu iwe na nakala 3, ukihesabu na ile iliyomo ndani ya kompyuta. Nakala hizo ziwe katika vifaa vya aina 2. Na nakala 1 kati yake ikae mahali pengine kabisa. Kanuni hii imeenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, na msikiti wa uswahilini unaweza kuitekeleza pasi na shida.

Hapa pana kosa moja tunalopenda kulisahihisha. Wapo wanaonunua diski, wakahamishia humo mafaili yote, kisha wakayafuta kwenye kompyuta ili kupata nafasi. Hiyo si nakala ya akiba. Ni kumbukumbu ileile moja iliyohama nyumba, na diski ikianguka hakuna kilichobaki.

Pima mahitaji kabla ya kufungua pochi

Muuzaji atakuuliza unataka ujazo gani, na wengi hujibu "mkubwa kuliko wote". Hilo ni jibu la gharama. Tupige hesabu.

Ukurasa mmoja wa karatasi ya kawaida, ukipitishwa katika skana kwa rangi, hutoa faili la megabaiti moja hivi. Basi kurasa 5,000 za leja, mihtasari na hati ni takriban gigabaiti 5. Hotuba ya Ijumaa ya dakika 25, ikirekodiwa kwa sauti peke yake katika kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde, ambacho kwa sauti ya mzungumzaji kinatosha, ni megabaiti 12. Hotuba 52 za mwaka mzima ni megabaiti 624, yaani hata gigabaiti moja haijatimia. Kumbukumbu zote za maandishi na sauti za msikiti wa mtaa kwa miaka 10 zinaenea katika kifaa cha gigabaiti 32 na nafasi ikabaki.

Kinachokula nafasi ni video. Saa moja ya video ya simu yenye ubora wa juu inaweza kufika gigabaiti 7 au 8. Kamati inayorekodi darsa za kila wiki kwa video itazidi gigabaiti 300 kwa mwaka, na hapo terabaiti moja itajaa katika mwaka wa tatu. Kwa hiyo amueni mapema: je, tunahifadhi hati na sauti, au tunahifadhi na video pia? Jibu la swali hilo moja ndilo litakaloamua kama mtatumia maelfu au malaki ya shilingi. Familia nayo ijiulize kama kila video ya harusi inastahiki kuwekwa katika nakala 3, au zipo zinazotosha kuwekwa mbili.

Baada ya hapo linganisheni bei kwa kila gigabaiti. Tuchukulie, kwa mfano tu kwa kuwa bei hupanda na kushuka, kwamba flashi ya gigabaiti 64 inauzwa shilingi 20,000, na diski ya terabaiti moja, yaani gigabaiti 1,000, inauzwa shilingi 180,000. Flashi inatoka zaidi kidogo ya shilingi 312 kwa gigabaiti, na diski inatoka shilingi 180. Diski ni nafuu kwa mwenye vitu vingi. Lakini mwenye gigabaiti 10 za hati akinunua diski ya 180,000 amelipia nyumba ya vyumba 10 ili alaze mtoto mmoja. Flashi mbili za 20,000 zingemtosha, na 140,000 zingebaki katika mfuko wa mayatima.

Vifaa vyenyewe, kimoja baada ya kingine

Flashi na memori kadi. Ni rahisi, hazihitaji umeme wa ziada, na zinaingia mfukoni. Udhaifu wake ni wa aina tatu. Hupotea kwa wepisi. Huandikwa na kufutwa kwa idadi maalumu ya mara, kisha huchoka. Na data yake hushikiliwa na chaji ndogo za umeme ambazo huvuja polepole kifaa kikikaa miaka bila kuchomekwa. Kwa hiyo flashi inafaa kuwa nakala ya pili ya hati, mradi ichomekwe na kukaguliwa kila baada ya miezi michache. Haifai kufungiwa sandukuni miaka 10 kama hati ya nyumba.

Diski ngumu ya nje. Ndani yake mna sahani zinazozunguka kwa kasi, na sindano inayosoma juu yake ikiwa karibu mno bila kuzigusa. Ndiyo maana haitaki kuangushwa, wala kusogezwa inapofanya kazi. Kwa nafasi kubwa kwa bei ndogo bado haijapata mshindani. Kwa mazingira yetu chagueni zile ndogo, za inchi 2.5, zinazopata umeme kupitia waya uleule wa USB. Zile kubwa za inchi 3.5 zina chaja yake ya ukutani, na umeme ukikatika katikati ya kunakili, mafaili yanaweza kuharibika. Ni vema kazi ya kunakili ifanywe kwa kompyuta mpakato yenye betri nzima, au kompyuta ya mezani iliyounganishwa na UPS.

Diski za SSD. Hazina kinachozunguka, hivyo hustahimili misukosuko ya bodaboda na daladala kuliko hizo za sahani. Bei yake kwa kila gigabaiti iko juu zaidi, na kama flashi, hazipendi kukaa miaka bila kuchomekwa. Zinamfaa anayesafiri na kumbukumbu zake kila siku. Msikiti ambao diski yake hutoka kabatini mara moja kwa wiki hauna haja nayo.

Diski iliyotumika. Huu ni mlango wa unafuu ambao wengi hawaujui. Kompyuta mpakato iliyokufa ubao wake mara nyingi diski yake bado ni nzima. Fundi huitoa, akaiweka katika kasha dogo lenye waya wa USB, na mkapata diski ya nje kwa bei ya kasha. Sharti ni kuipima. Ipo programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inayosoma taarifa za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Tazameni mambo mawili: saa ilizofanya kazi, mkikumbuka kuwa mwaka mzima una saa 8,760, na idadi ya sehemu zilizoharibika na kuhamishwa. Programu ikitoa tahadhari, msiinunue hata kwa nusu bei. Na hata ikiwa nzima, iwe nakala ya tatu na si ya pekee.

Masanduku ya mtandao yenye diski mbili. Wauzaji huyapendekeza kwa taasisi, nayo yana kazi yake katika shule au hospitali yenye kompyuta nyingi. Kwa msikiti wenye kompyuta moja ni israfu. Zaidi ya hayo, diski zake mbili huandika kitu kimoja kwa wakati mmoja, hivyo faili likifutwa kwa bahati mbaya hufutika kwenye zote mbili, na mwizi akibeba sanduku amebeba nakala zote.

Hifadhi ya mtandaoni. Akaunti ya Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, nafasi inayogawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili mengine. Kwa hati za msikiti inatosha, na umbali wake ni mkubwa kuliko nyumba yoyote ya Temeke. Hata hivyo ina masharti. Kupakia kunakula bando. Akaunti isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa. Na intaneti yenyewe hukatika: Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilipata hitilafu, na Tanzania pamoja na majirani zake wakakaa na mtandao dhaifu. Hilo lisitukatishe tamaa, bali litufundishe kwamba hifadhi ya mtandaoni ni ya tatu, baada ya mbili zilizo mikononi mwetu. Na akaunti iwe ya kamati, si ya katibu binafsi, kwani makatibu huhama na hufariki, na neno la siri huondoka nao.

Kuhusu makundi ya WhatsApp, ambamo hati nyingi za kamati zinaishi siku hizi, tunasema kwa heshima kwamba kundi ni baraza la mazungumzo na halikukusudiwa kuwa ghala. Picha hupunguzwa ubora zinapotumwa, na simu ikibadilishwa bila maandalizi, kilichokuwemo hupotea.

Tahadhari ya soko

Tukifika Kariakoo tunakutana na mtihani mwingine. Zipo flashi zinazouzwa kwa bei ya ajabu, zimeandikwa terabaiti 2, nawe ukiichomeka kompyuta inakubali kwamba ni terabaiti 2. Ukweli ni kwamba ndani mna gigabaiti 32 au hata pungufu, na kidude kinachoiongoza kimefundishwa kusema uongo. Utanakili, na hutaona kosa lolote. Nafasi ya kweli ikishajaa, mafaili mapya hupotea au huandikwa juu ya yale ya zamani. Siku ya kuyahitaji utayakuta majina yake, lakini hayafunguki.

Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono wake katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini, alimkemea muuzaji kwa ukali. Sisi nasi tuingize mkono ndani ya rundo. Kwa kompyuta za Windows ipo programu ya bure iitwayo H2testw, na kwa Linux ipo F3. Programu hizi hukijaza kifaa chote kisha hukisoma tena, zikaeleza ukubwa wake wa kweli. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, nayo ifanywe kifaa kikiwa kipya na kitupu. Nunueni duka lenye anwani, dai risiti ya EFD, na kubalianeni mapema kwamba kifaa kikishindwa jaribio kitarudishwa. Muuzaji mwaminifu hataona vibaya, na anayekataa sharti hilo kashajibu swali lenu.

Tusimdhulumu muuzaji pia. Diski iliyoandikwa terabaiti 1 huonekana katika kompyuta za Windows kuwa na gigabaiti 931, na flashi ya 64 huonekana kuwa na 59 na ushei. Huo si wizi. Kiwanda huhesabu kwa 1,000 na kompyuta huhesabu kwa 1,024. Na mkinakili video kubwa mkaambiwa faili ni kubwa mno ilhali nafasi ipo, tatizo ni mpangilio wa kifaa uitwao FAT32 usiokubali faili linalofika gigabaiti 4. Fundi ataubadilisha kuwa exFAT kwa dakika chache, mradi kifaa kiwe hakijawekwa kitu, kwa kuwa kubadilisha huko hufuta kilichomo.

Ratiba, sitara na majaribio

Kifaa bila ratiba ni pambo. Utaratibu tunaoupendekeza kwa kamati ni huu. Diski ya kwanza ikae ofisini, na kila Alhamisi baada ya Alasiri katibu anakili kazi ya wiki, kisha aichomoe. Kuichomoa ni sehemu ya ulinzi, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha hufunga pia kila kilichochomekwa. Diski ya pili ikae nyumbani kwa mweka hazina, mtaa mwingine, ikiwezekana sehemu ya mwinuko ambako maji hayafiki. Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi diski hizo zibadilishane nyumba. Hivyo hata yakitokea makubwa, tutapoteza kazi ya mwezi mmoja na si ya miaka 10.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi. Diski iwekwe ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaokaza, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Iandikwe kwa kalamu ya wino mzito tarehe iliyonunuliwa. Ikifikisha miaka mitano hivi, ianze kutafutiwa mrithi kabla haijaugua.

Jambo la sitara tunalitilia mkazo. Orodha ya wanaopokea zaka ni siri ya nyumba za watu, na taarifa za ndoa na talaka ni nzito zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde, na dini yetu ilikwishatutangulia kuamrisha kumsitiri Muislamu. Diski inayotoka ofisini kwenda nyumbani kwa mtu ifungwe kwa neno la siri. Programu ya bure ya 7-Zip inatosha kufunga makabrasha hayo. Neno la siri liandikwe katika karatasi, litiwe ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa, na bahasha ikae kwa mwenyekiti. Bila hivyo, katibu akiondoka duniani, kamati itarithi kufuli lisilo na ufunguo.

Mwisho ni jaribio, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Kila baada ya miezi mitatu, ichukuliwe diski ya akiba, ichomekwe katika kompyuta nyingine, na yafunguliwe mafaili matatu yoyote: ukurasa wa hesabu, picha ya hati, na hotuba moja isikilizwe mpaka mwisho. Matokeo yaandikwe katika muhtasari wa kikao kama yanavyoandikwa mapato na matumizi. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni dhana tu.

Mipango mitatu kwa mifuko mitatu

Kwa familia au madrasa yenye kidogo sana: flashi mbili za gigabaiti 32 zilizokwisha kupimwa, moja nyumbani na moja kwa ndugu wa mtaa mwingine, pamoja na akaunti ya bure ya mtandaoni kwa vyeti na hati.

Kwa msikiti wa mtaa usiorekodi video: diski moja ya nje yenye ujazo mdogo unaopatikana dukani, au iliyotumika na kupimwa, na flashi moja nzuri kwa mweka hazina. Hizo ni aina mbili za vifaa katika nyumba mbili.

Kwa msikiti au kituo kinachorekodi darsa: diski mbili za terabaiti moja au mbili. Zisinunuliwe siku moja wala zisiwe za toleo moja, kwani vifaa vilivyotoka kiwandani pamoja wakati mwingine huharibika pamoja.

Na hati asili zisitupwe kwa hoja kwamba zimo ndani ya diski. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, lakini hati ya kiwanja yenye mhuri ina nafasi yake, na nakala ya picha ni msaada wa kuitafuta ikipotea.

Tunawaomba wajumbe wa kamati walichukue jambo hili katika kikao kijacho kama ajenda inayojitegemea, isitupwe chini ya mengineyo. Muulizeni katibu wenu swali moja kwa upole: leo usiku kompyuta hii ikiibiwa, kesho asubuhi tutazipata wapi hesabu za mayatima? Akijibu kwa kutaja nyumba na jina la mtu, mshukuruni. Akinyamaza, mchangieni anunue flashi mbili kabla masika hayajaanza.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitunza amana tulizokabidhiwa, kubwa na ndogo.

Wabillahi tawfiq.